Mtoto Aliyecheza Mkononi Mwangu

Mtu akifa hupewa sifa za mtu mwingine. Siku tuliyomzika mke wangu walisimama watu wanne, mmoja baada ya mwingine, wakasema alikuwa mpole. Nikatazama jeneza. Nikadhani nimekosea msiba.

Hakuwa mpole. Alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Alifanya kazi katika chumba chetu cha mbele: cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo chenye ufa, na pazia la kubadilishia nguo ambalo halikufika chini. Mwanamume akivuta tumbo ndani wakati wa kupimwa, mke wangu aliacha utepe, akakaa.

"Unangoja nini, fundi?"

"Nangoja upumue. Nashona suruali ya mtu aliye hai."

Mwanamke akilalamika kwamba gauni limebana kwa sababu kitambaa kimerudi, alimjibu, "Kweli, dada. Kimerudi kidogo, wewe umekwenda mbele sana."

Walinuna, wakaondoka, wakarudi. Mtu huvumilia maneno kama pindo limenyooka.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Mimi niliitwa Bwana Unga, maana nilisaga nafaka kwenye mashine ya tajiri mmoja mwisho wa mtaa. Hakuna aliyeniita fundi. Kumwaga nafaka juu na kupokea unga chini, hata mbuzi angefundishwa. Si maneno yangu, ni yake. Herufi hizi pia ni zake. Alinifundisha kwa chaki ya kukatia nguo, juu ya meza ile ile, na kila nilipokosea alifuta kwa kiwiko bila kusema. Wapole husema pole.

Mimba ya kwanza ilitoka kabla hatujaizoea. Ya pili ilitoka karibu na mwezi wa nne. Alirudi kutoka hospitali asubuhi, mchana akakaa kwenye cherehani, kwa sababu kulikuwa na sare za shule hazijaisha. Waliokuja kumpa pole walimkuta anagombana na mzazi mmoja juu ya urefu wa kaptura. Wakaenda kusema hana moyo. Alikuwa nao. Ila hakuutundika dirishani pamoja na nguo za wateja.

Aliyesema zaidi ni dada yangu mkubwa. Tulimwita Mama Saba, kwa kuwa alizaa saba na hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Alizungumza kama mtu aliyevumbua kuzaa.

"Wifi," alimwambia mke wangu, "tumbo ni kama nyumba. Lisipokaliwa linaharibika."

"Lako limekaliwa, wifi," mke wangu akajibu, "mpaka paa limeshuka."

Hawakusalimiana wiki tatu. Kwangu mimi zilikuwa wiki nzuri.

Mimba ya tatu alinificha mpaka mwezi wa tatu. Aliponiambia alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake, ndipo akasema, "Nina mimba. Funga mdomo."

Nilifurahi kwa hilo la kwanza. Hilo la pili ndilo lililonishinda.

Siku chache baadaye nilirudi kazini, nikanawa, nikaweka mkono juu ya tumbo lake. Nikasikia mtetemo. Mdogo, wa haraka haraka, kama kifaranga ndani ya kofia.

"Anacheza!"

"Nani?"

"Mtoto."

Akatazama tumbo, akanitazama mimi. "Mimi mwenye tumbo sisikii kitu."

"Mkono wangu unasikia."

"Basi mkono wako uende ukazae."

Lakini hakuuondoa. Alikaa vile vile, ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza mlango wa jirani. Hakuwa amewahi kufika mbali na mimba. Hakujua kinachosikika. Mimi nilijifanya najua kwa niaba yake.

Kesho yake nilimwambia mwanamke mmoja tu pale kazini. Tatizo ni kwamba kwenye mashine ya kusaga hakuna kunong'ona. Ukitaka kumwambia mtu jambo, lazima upige kelele. Nikapiga. Foleni nzima ikasikia, na ndoo zikapeleka habari kila nyumba pamoja na unga.

Jioni Mama Saba akawa mlangoni.

"Miezi mitatu? Huyo ni mtoto au panzi?"

"Mkono wangu umesikia, dada."

"Mkono wako." Akafikiri. Hakuweza kuacha mtoto wa mtu mwingine awatangulie wake. "Hata wangu wa tano alicheza miezi miwili na nusu," akasema.

"Na wa saba, wifi?" mke wangu akauliza bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Huyo alicheza kabla baba yake hajaja?"

Lakini Mama Saba alipokuwa anaaga, mke wangu alimfuata mpaka mlangoni. Yeye asiyemuuliza mtu kitu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, kunakuwaje hasa? Mtoto akicheza."

"Utajua tu," akasema Mama Saba, akaenda zake.

Utajua tu. Ndilo jibu la mtu asiyeweza kueleza na hataki ajulikane. Mke wangu akauliza wateja, mmoja mmoja, huku amewafunga utepe kiunoni ili wasikimbie. Mmoja alisema ni kama samaki anageuka. Mwingine alisema ni kama jicho linavyocheza, ila liko tumboni. Wa tatu alisema ni kama gesi, lakini gesi yenye adabu.

"Nimeuliza watu watatu," mke wangu akaniambia, "nimeambiwa nimebeba samaki, jicho na ushuzi."

Tukaenda kliniki. Nilikaa kwenye benchi, mwanamume peke yangu kati ya wanawake kumi na wawili, na unga masikioni. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani kwenye ncha ya pua, akamuuliza mke wangu, "Mtoto ameanza kucheza?"

Mke wangu akachelewa kujibu. Sijui nini kilinituma.

"Ameanza," nikasema. "Tangu siku kumi zilizopita."

Muuguzi akanitazama juu ya miwani. "Mwenye mimba ni nani hapa?"

"Ni yeye."

"Nilidhani ni wewe, maana umejaa."

Wanawake wakacheka. Nilingoja mke wangu anikane mbele yao. Hakunikana. Aliangalia mikono yake. Nilifikiri ananiheshimu. Mpumbavu hukosa hata hesabu ya heshima yake. Alitaka iwe kweli, basi. Muuguzi akaandika kwenye kadi: mtoto anacheza, mwezi wa tatu. Na kalamu ya muuguzi haifutwi kwa kiwiko.

Ikapita miezi. Tumbo likatokeza. Mwezi wa tano ulipoanza, cherehani ikaanza kumsumbua.

Fundi anajua uzi wa chini umekwisha kabla hajaona. Sindano inaendelea kupanda na kushuka, kitambaa kinaendelea kwenda, lakini kuna kitu kinakatika, kama mtu aliyekushika kidole ameachia. Mke wangu alikuwa akisikia hivyo, anasimamisha mguu, anafungua chini, anatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi. Imejaa. Anairudisha, anatukana, anashona. Baada ya muda, tena. Imejaa.

Akaita mtengenezaji wa cherehani, mzee mwenye grisi mpaka kwenye viwiko. Yule mzee aliifungua yote, akaipaka mafuta, akashona mistari kumi kwenye kitambaa kibovu.

"Fundi, mashine hii ni nzima kuliko mimi."

"Basi mbovu ni wewe."

Mzee akafunga mfuko wake wa vyombo, akaondoka bila kuaga. Miaka thelathini alikuwa akija kwenye chumba kile, kwanza kwa fundi aliyekuwamo kabla yetu, kisha kwa mke wangu. Siku ile alipita mtaa wa nyuma.

Alhamisi ilikuwa zamu ya kliniki. Muuguzi alikuwa mwingine, binti mwenye haraka. Akasoma kadi.

"Mtoto alianza kucheza mwezi wa tatu. Wiki hii anachezaje?"

"Sijasikia kitu," mke wangu akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote."

"Lakini hapa imeandikwa alikuwa anacheza." Binti akaacha haraka yake. Uso ukabadilika. Akachukua kitarumbeta cha bati cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akaweka sikio. Nje kulikuwa na watoto wanaolia na mtu anasukuma kitanda chenye gurudumu bovu. Akasikiliza, akahamisha, akasikiliza.

"Sipati vizuri," akasema. "Labda ni kelele." Akaandika barua. "Jumatatu nendeni hospitali kubwa. Daktari asikilize."

Njiani mke wangu hakusema kitu. Nami nikanyamaza, nikiwa nimechelewa miezi miwili.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Akakaa kwenye kiti chake.

"Lete mkono."

Nikauweka tumboni. Mtetemo ule ule.

"Unasikia?"

"Yupo! Huyu hapa! Hawa wauguzi hawajui..."

Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya mto wa kiti. "Na hapa?"

Mtetemo ule ule. Akauweka juu ya jora la kitambaa. Ule ule. Kisha akanishikisha kikombe cha maji, akakiinamia. Maji yalikuwa yanafanya viduara vidogo.

Kila siku nilishinda nimeshika mashine ile ya kusaga. Jioni mimi nilirudi nyumbani, mashine ikabaki mikononi. Miaka yote hiyo nilikuwa sijui.

"Hongera, Bwana Unga," akasema. "Mto una mimba, jora lina mimba, na maji nayo yako njiani."

Akacheka. Alicheka mpaka utepe ukaanguka shingoni. Mimi pia nikaanza kucheka, kwa woga. Kisha kicheko chake kikakatika mara moja.

"Basi hakuna aliyewahi kumsikia," akasema. "Hata mtu mmoja."

Niliinama, nikaokota utepe wake.

Ijumaa nilizima mashine foleni ikiwa ndefu. Wakadhani umeme umekatika. Nikawaambia kwamba mtoto hajawahi kucheza, kwamba niliyosikia ni mkono wangu mwenyewe unatetemeka kwa kazi.

Wakaweka ndoo chini. Kisha mmoja akasema, "Kwa hiyo, Bwana Unga, baba mtoto ni mashine?"

Wakaangua kicheko. Bibi mmoja aliyekalia gunia lake hakucheka.

"Mwenzio anajua unatuambia haya?"

"Hajui, bibi."

"Basi umemtangaza mara mbili bila ruhusa. Washa, tunataka unga."

Jumamosi na Jumapili sikula. Mke wangu alishona. Nilipita karibu yake kama mtu anayepita kwa askari. Nikimtazama tumbo, ananiambia niangalie mlango. Nikimuuliza anajisikiaje, ananiambia ana suruali ya mwalimu mkuu haijapindwa. Jumapili jioni nilimkuta amekaa mbele ya cherehani bila kushona, mikono imening'inia, macho ameyafumba. Nikaona amekata tamaa. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya ukuta, huku nimeweka ndoo mbele ili nionekane nachota maji.

Jumatatu tulikaa kwenye korido ndefu ya hospitali, benchi la mbao, namba yetu ya kumi na tisa. Walipoita ya sita, mke wangu alitoa mkate kwenye mfuko, akaanza kula.

Nikashindwa kujizuia. "Unakulaje?"

"Kwa meno."

Akatafuna. Akanikatia kipande, nikakishika tu. Kikatetemeka, akakitazama, akatabasamu upande mmoja.

"Jumamosi," akasema, "napinda suruali ya mwalimu. Uzi wa chini ukaisha. Nikafungua, bobini imejaa. Nikashona, ukaisha tena. Nikachoka. Nikatoa miguu kwenye pedali, nikatoa mikono kwenye kitambaa, nikakaa kama mtu anayepigwa picha. Cherehani imelala. Ukaisha tena." Akaweka kidole chini ya kitovu. "Hapa."

Mimi si mwepesi. Nilimtazama kidole.

"Wiki mbili, bwana wee, nafungua cherehani. Nimemfukuza mzee wa watu na mafuta yake."

"Unataka kusema ni..."

"Usiseme!" Akanibana goti. "Wewe ulishika mashine ukasema ni mtoto. Mimi nilishikwa na mtoto nikasema ni mashine. Akizaliwa huyu, ataomba wazazi wengine."

Joto likanipanda mpaka masikioni. "Tangu Jumamosi! Umeniacha siku mbili nakufa!"

"Ulitangaza bila kujua. Nikasema na mimi nijue bila kutangaza." Akakunja karatasi ya mkate, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kifungo. Kisha sauti ikashuka. "Halafu siwezi kuapa. Tumbo hili limenidanganya mara mbili. Sasa nyamaza, daktari ndiye aseme."

Nikanyamaza kutoka namba ya saba mpaka ya kumi na tisa. Hakuna aliyenipa sifa yoyote kwa hilo.

Daktari alikuwa kijana mwembamba, koti lake limeshonwa vibaya mabegani. Nilimwona mke wangu analitazama hata akiwa amelala pale. Akaweka kitarumbeta. Akasikiliza upande wa kulia. Hakuna kitu usoni. Akahamia kushoto. Hakuna kitu. Akakishusha chini kidogo, akafumba macho, na mke wangu akashika ukingo wa kitanda kama mtu anayeshikilia kitambaa kisiteleze.

Halafu kidole cha daktari kikaanza kugonga kwenye kitanda. Haraka haraka, sawa sawa.

"Huyu hapa," akasema. "Sikia anavyokimbia."

Mke wangu akalia. Mimba mbili zilitoka sikuona chozi, siku ile aliyabubujisha yote, akanitazama nami nikiwa nimepanua mdomo, akasema, "Angalia ukuta!"

Nikaangalia ukuta.

"Kwa mara ya kwanza wengi husikia mwezi huu wa tano," daktari akasema, "na mwanzoni humdhania kitu kingine. Hapo alipo hajachelewa. Lakini akishazoea kucheza halafu akatulia kuliko kawaida, usingoje zamu wala barua. Njoo siku hiyo hiyo." Akaichukua kadi. "Huu mwezi wa tatu aliusema nani? Miezi mitatu hakuna mkono wa nje unaoweza kusikia."

"Mtu mmoja wa mtaani," mke wangu akasema, anajifuta macho. "Hana maana."

Daktari akapiga mstari mmoja juu ya maneno yangu. Mke wangu akavaa viatu. Mlangoni akamgeukia. "Daktari, koti lako limevuta mabega. Aliyelishona alikuwa amelala. Niletee."

Nje ya hospitali kulikuwa na ukuta mfupi, watu hukaa wakingoja wagonjwa wao. Nilitaka twende haraka. Nilikuwa na habari, na foleni nzima ya kuipokea. Akanishika shati.

"Kaa. Ameanza."

Nikakaa. Nikapeleka mkono, mazoea. Akaupiga. Nikaurudisha kwenye goti langu.

Akafumba macho. Watu walipita na mashuka, na chupa za maji, na sura za kila namna. Kila alipomsikia aliinua kidole kimoja, bila kunitazama, kisha anakishusha. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia kidole. Tulikaa hivyo mpaka jua likatufikia miguuni, likapanda magotini. Miaka arobaini na mitatu niliyoishi na mwanamke yule, sikumbuki tulikaa vizuri kuliko pale.

Kidole kikainuka. Kikashuka. Kikainuka tena.

Kisha akafumbua macho, akakung'uta nguo nyuma. "Twende," akasema, "nina suruali ya mtu mezani."